Kupunguza foleni ya kaunta ya maktaba kwa uigaji wa kompyuta

Ndugu muulizaji, unataka kujua kama uigaji wa kompyuta, yaani kuiga foleni yako ndani ya programu, unaweza kukuonyesha iwapo kaunta ya maktaba yako inahitaji mhudumu wa pili. Unaweza, ila anza na saa na daftari: kwa wiki mbili andika kila msomaji alipofika, alipoanza kuhudumiwa na alipoondoka, ukimtenganisha anayerudisha kitabu, jambo la sekunde chache, na anayejiandikisha uanachama, ambaye hujaza fomu huku wengine wakimtazama mgongoni. Usitegemee wastani pekee. Katika modeli rahisi kabisa ya mhudumu mmoja, ambamo watu hufika na kuhudumiwa kwa nyakati zisizotabirika (nadharia ya foleni, ambayo mwanahisabati wa Denmark, Erlang, aliianzisha mwaka 1909 akichunguza simu), mhudumu akishughulika asilimia 80 ya muda wake, mtu husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa huduma. Akifika asilimia 90, mara 9. Kisha iga siku nzima mara mia kadhaa, ukianza na hali ilivyo sasa, na matokeo yasipolingana na daftari, rekebisha modeli. Mimi ningejaribu kwanza kuhamishia uandikishaji kwenye meza ya pembeni.