Kabla Hujapeleka Mkwaruzo kwa Fundi Rangi

Injini ikifa utapewa pole na mtaa mzima. Jirani atakutajia fundi wake, kazini watakuvumilia ukichelewa, na fundi mwenyewe atafungua boneti kwa sura ya msiba. Lakini sema gari limekwaruzwa mlango, uone. "Si unagusisha rangi tu?" Basi, mazungumzo yameisha. Mimi nimebadilisha shokapu, bushi, gasketi na hata gia boksi katika magari haya yetu ya kutoka Japani, na bado nasema kazi iliyonichosha kuliko zote ni mkwaruzo wa upana wa kidole kwenye Toyota Premio yangu ya rangi ya fedha.

Ilikuwa foleni ya Mwenge, Dar es Salaam. Bajaji ilijipenyeza kushoto, chuma chake cha pembeni kikaburuza kuanzia mlango wa nyuma hadi kwenye fenda la nyuma. Dereva akashuka, akalowesha kidole kwa mate, akapangusa. "Dada, hii inatoka, ni vumbi la bajaji." Kweli, rangi ya bajaji ilitoka. Chini yake kukabaki mfereji mweupe, na sehemu moja, pale karibu na kitasa, bati lenyewe linachungulia. Kijana hesabu ya bosi ilikuwa haijatimia na mchana ulikuwa unaisha. Tukaachana.

Najua mtauliza bima. Ninayo, tena ile kubwa inayolipia hata gari langu mwenyewe. Lakini kudai kwa ajili ya mkwaruzo maana yake umtafute trafiki, upate ripoti, gari likaguliwe, ujaze fomu, gereji itoe makadirio, kampuni ilete mtu wake aje kupiga picha. Ukimaliza yote hayo unakutana na kile kiasi ambacho mwenye gari anajilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Kwa kawaida huwekwa kwa asilimia, lakini kinakuwa na kiwango cha chini, na hicho cha chini ndicho kinachomeza madai madogo yote. Ongeza hapo punguzo la mwakani ambalo hutalipata kwa sababu umedai. Soma ukurasa huo wa mkataba wako leo, usisubiri siku uko barabarani unabishana juani.

Nikaanza kuzunguka kuuliza bei. Gereji bubu ya kwanza, ile ya chini ya mti isiyo na kibao: Sh70,000, "jioni unachukua chombo chako." Fundi wa pili, mwenye banda la bati na kompresa yake: Sh250,000. Gereji yenye chumba maalumu cha kupulizia rangi: Sh450,000, na foleni ya kusubiri. Mtu wa haraka angesema hawa wawili wa juu ni wezi. Sivyo. Ukiwauliza kila mmoja atafanya nini hasa, unagundua kila mtu anauza kazi tofauti. Wa kwanza anataka kupaka mstari ulipokwaruzwa na kuzunguka kidogo. Wa pili anapaka mlango mzima na fenda. Wa tatu anapaka hivyo hivyo, anaongeza kurusha rangi kidogo hadi mlango wa mbele ambao haukuguswa kabisa. Kwa hiyo usiulize "bei gani?" Uliza rangi itaanzia wapi na itaishia wapi.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha usumbufu wote. Rangi ya gari haiwezi kutengenezwa kwa ukubwa wa jeraha. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, kisha kilia, ile tabaka angavu inayoleta mng'ao. Zote pamoja, kwa rangi ya kiwandani, hazifiki hata robo ya milimita. Ukiziba sehemu ndogo katikati ya mlango, lazima pawe na mpaka mahali fulani ambapo kilia mpya inakutana na ya zamani, na mpaka huo, hata ukisuguliwa ukapotea leo, baada ya miezi ya jua la Dar huanza kujionyesha, mwisho unabanduka. Ndiyo maana fundi anayejua kazi anapeleka kilia hadi ukingo wa mlango, mpaka ujifiche kwenye mwanya.

Mlango una ukingo. Fenda la nyuma la gari la saluni, yaani lenye buti lililojitenga, halina! Nenda ukaliangalie: linapanda bila kiungo hadi kwenye nguzo ya kioo cha nyuma, na nguzo inaingia kwenye paa. Kilia utaikata wapi? Ama uifiche mahali pembamba kabisa pa nguzo, ama upande hadi paani. Sikuwahi kufikiria jambo hilo hadi fundi wa pili aliponionyesha kwa kidole, akifuata bati kutoka juu ya tairi hadi juu ya kichwa chake. Hapo hapo nikaelewa kwa nini mkwaruzo wa mlango peke yake ungekuwa nafuu kabisa.

Kisha kuna suala la rangi yenyewe. Nyeusi ya kawaida au nyeupe ya kawaida, yaani isiyo na chengachenga, inasamehe. Fedha haisamehe. Ndani yake kuna vipande vidogo sana vya alumini, na jinsi vinavyolala inategemea presha ya kompresa, umbali wa bunduki ya kupulizia na kiasi cha thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Kopo ni lile lile, lakini mlango mmoja unatoka mweusi kidogo na mwingine mweupe. Rangi ya lulu nayo, kama ile nyeupe yenye namba 070 mliyoizoea kwenye Toyota nyingi, inapulizwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, kisha tabaka la lulu, kisha kilia. Idadi ya mapito ya lile tabaka la kati ndiyo inayoamua mlango uwe wa gari lako au wa gari la mtu mwingine. Mwenye lulu, hesabu gharama zaidi, na fundi akikwambia anaipuliza kwa mkupuo mmoja, muage vizuri.

Namba ya rangi iko kwenye kibati, mara nyingi chini ya boneti kwenye ukuta wa nyuma ya injini, au kwenye nguzo ya mlango. Yangu ni 1F7. Ipige picha ikae kwenye simu. Lakini namba peke yake haitoshi, maana gari limeshaanikwa juani miaka kumi na zaidi na rangi yake si ile iliyotoka kiwandani. Fungua kile kifuniko cha nje cha tenki la mafuta, kinatoka kwa skrubu mbili tatu, ukipeleke dukani kwa mchanganyaji rangi. Akichanganya, mwambie apulize kwanza kwenye kipande cha bati au kadi, ikauke, aipake kilia. Ukishaipata, itoe nje. Chini ya taa ya duka rangi mbili zinaweza kufanana kama mapacha, halafu juani zikakataana. Iangalie kwenye jua, iangalie kivulini, iinamishe. Hiyo nusu saa itakuokolea ugomvi.

Kwenye kuandaa, sikiliza mambo mawili. La kwanza ni vitasa, raba za madirisha na mapambo: vitolewe, visizibwe kwa magazeti na tepu. Fundi atanuna, maana kutoa kitasa ni kufungua mlango kwa ndani, na klipu za plastiki za magari ya miaka hiyo zinavunjika kwa kuangaliwa tu. Mlipe nyongeza. Ukitaka kujua kwa nini, nenda yadi yoyote ya kuuzia magari, shika gari lililopigwa rangi, vuta raba ya dirisha taratibu kwa ukucha. Utakuta kijistari cha rangi kimepanda juu ya raba, kigumu, kimeanza kupasuka. Ndicho madalali wanachokitafuta wakati wewe unazungumzia uzima wa injini.

La pili ni puti, ule uji mzito unaoganda wa kujazia mbonyeo. Mkwaruzo usio na mbonyeo hauhitaji puti nene, na palipobonyea, bati linyooshwe kwanza ndipo puti ije kusawazisha. Kuna mafundi wanaojaza shimo zima kwa puti kwa kuwa ni haraka. Chukua sumaku ndogo ya friji, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe. Ikikataa kushika mahali ambapo pana bati, chini yake kuna mlima wa puti.

Hali ya hewa tusiisahau. Masika ya Dar, Machi hadi Mei, si wakati wa kupaka rangi chini ya mwembe. Unyevu ukinaswa kwenye kilia unaacha ukungu mweupe, na siku kavu zina vumbi na wadudu. Jioni niliyoahidiwa gari langu na fundi niliyempa kazi, nilikuta mvua imepita, mlango umesuguliwa hadi praima na turubai limefungwa juu yake. Fundi alikuwa sahihi kusubiri, na nilimwambia hivyo, ingawa kesho yake nilipanda daladala nikiwa nimechukia. Hesabu muda utakaoambiwa, uuzidishe, uandae nauli.

Kabla ya kuliacha, piga picha dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, betri, redio, tairi la akiba na vioo vya pembeni. Toa vitu vyako vyote. Piga picha na mkwaruzo wenyewe, karibu na kwa mbali. Wengi hawafanyi hilo la mwisho, na lina faida kubwa siku ya kuuza. Mnunuzi akigundua mlango umepigwa rangi atadhani gari lilipinduka. Ukimwonyesha picha ya mfereji mwembamba ulioleta kazi hiyo, anapoa. Unadhani mkwaruzo unaoonekana ndio unaomwogopesha mnunuzi kuliko chochote? Hapana, ni kinyume chake: mkwaruzo anauona unapoishia, lakini rangi mpya hajui inaficha nini.

Malipo yawe kwa mafungu, na fungu kubwa libaki hadi ulione gari. Kopo la rangi nunua mwenyewe kama unaweza, ili zile simu za "dada, tuma hela ya thina kidogo" zipungue. Na usikubali kukabidhiwa gari jioni au likiwa limelowa maji. Maji yanaficha kila kitu. Nenda saa nne asubuhi, gari likiwa kavu, uchuchumae nyuma ya taa ya nyuma uangalie ubavu wote kwa mshazari. Vipele, michirizi, mawimbi ya puti na tofauti ya rangi vyote vinaonekana kutoka hapo. Mimi niliona vipele chini ya mstari wa mlango. Fundi hakubisha, akachukua msasa wa maji wa namba 2000, akasugua taratibu, akamalizia kwa polishi ya mashine. Vikaisha.

Sasa, si kila mkwaruzo unastahili safari hii. Pitisha ukucha. Usiponasa, uko kwenye kilia tu, na polishi nzuri itapunguza au kufuta kabisa. Ukinasa lakini huoni bati, una muda wa kufikiri. Ukiona bati, usichelewe, hasa sisi tunaoishi na upepo wa bahari: kutu ikishaingia chini ya rangi inatambaa. Kama pesa haijapatikana, safisha hapo, upake praima na rangi kwa brashi ndogo hata kama inachukiza macho.

Bampa ni habari nyingine. Ni plastiki, halishiki kutu, litakwaruzwa tena. Ukilipaka bila praima ya plastiki, rangi itaachia kama ganda. Watu watakushauri ununue la mtumba la rangi ile ile kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, na wakati mwingine linapatikana, lakini nenda na la kwako au picha zake za karibu, maana toleo la mwaka mmoja baadaye linaweza kuwa na matundu tofauti ya taa za ukungu. Langu la mbele lina mikwaruzo ya kuta mbili za maegesho na sina mpango nayo.

Rangi mpya ya banda, isiyokaushwa kwenye oveni, iache ipumue. Mwezi mmoja bila nta, bila brashi za kuoshea magari, na kinyesi cha kunguru kioshe siku hiyo hiyo kwa maji mengi. Rangi iliyobaki mwambie fundi aimimine kwenye kichupa kinachofunga vizuri, uandike namba na tarehe.