Kikokotoo kikikuandikia "Error 5"

Dada wa Malindi, umesema kikokotoo chako cha hesabu za fedha, BA II Plus, kinaleta "Error 5" kila ukitafuta riba, na mtihani wa CFA (wa wachambuzi wa uwekezaji) unakaribia. Pole. Tatizo ni alama: pesa inayokuingia iwe chanya, inayokutoka iwe hasi. Zote zikiwa chanya, riba haipatikani.

Jaribu mkopo wa mashua: shilingi 300,000, riba 12% kwa mwaka, marejesho ya kila mwezi, miezi 24. Bonyeza 2ND, CLR TVM kufuta hesabu ya zamani. N (idadi ya malipo) 24, I/Y (riba ya kila kipindi) 1 (si 12! 12% gawa kwa miezi 12), PV (mkopo unaopokea) 300000, FV (deni la mwisho) 0, kisha CPT (kokotoa) PMT (rejesho la kila mwezi): −14,122, hasi kwa kuwa inakutoka. Ukiweka 12 kwenye I/Y utapata −38,539. P/Y (malipo kwa mwaka) iwe 1; iangalie mwenyewe, kwani CLR TVM haiigusi. BGN (malipo mwanzo wa kipindi) isionekane kiooni.

Ukizidi kukosea kwa wiki mbili, tafuta mwalimu.