Saa ni Moja, Siku Si Moja

Kati ya Doha, mji mkuu wa Qatar, na Voi kwetu Kenya hakuna tofauti ya saa hata dakika moja. Saa tatu usiku ya kwetu ndiyo saa tatu usiku ya hapa. Nilipofika Qatar mwaka 2021 niliona hiyo ni bahati, maana wenzetu walio Dubai wako mbele kwa saa nzima. Miezi mitatu haikuisha kabla sijajua kwamba bahati hiyo ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Mtu wa nyumbani akitazama saa yake ukutani anadhani ameiona siku yangu. "Ni saa nne tu, huyo hajalala." Anapiga.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mimi ni askari wa ulinzi, nasimama mapokezi kwenye jengo moja la vioo pale West Bay. Zamu ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Lakini kambi yetu iko upande wa Industrial Area, na basi la kampuni huzunguka likimshusha kila mtu kwenye jengo lake, kwa hiyo linaondoka saa kumi na robo alfajiri. Chumbani tulikuwa watu sita kwenye dabodeka tatu, na bafu tuligawana na vyumba vingine. Ukitaka kuoga bila kugongewa mlango, amka saa tisa na nusu. Jioni basi linanirudisha saa mbili kasoro. Nipike, nile, nifue shati la kesho, tayari ni saa nne. Usingizi uliobaki ni saa tano na nusu, tena simu ikinyamaza.

Usiku mmoja kaka yangu alipiga saa tano kunieleza kwamba ndovu wameingia shambani. Ndovu wenyewe walikuwa wamesharudi Tsavo! Hakutaka pesa, alitaka tu nijue. Nami nikajua, nikakodoa macho gizani hadi saa nane nikihesabu mahindi yaliyokanyagwa. Kesho yake mchana nikasinzia nikiwa wima, mgongo umeegemea ukuta, na msimamizi akanipiga picha. Nilipewa barua ya onyo na kukatwa mshahara wa siku mbili. Ukipiga hesabu, ndovu wale walinila mimi kuliko walivyokula shamba.

Kwa hiyo mtu akiniuliza abebe nini akija Gulf, yaani nchi za Ghuba, namwambia kwanza awaachie watu wa nyumbani ratiba yake. Nilimtumia mama ujumbe wa sauti nikamtajia saa zangu zote, moja baada ya nyingine, kuanzia kuamka hadi kulala, na dada yangu akaziandika kwenye karatasi akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Simu za kawaida tunapigiana nikiwa ndani ya basi jioni, ambako sina kazi nyingine isipokuwa kunusa jasho la wenzangu. Usiku anaruhusiwa kupiga mtu mmoja tu, dada, na ni kwa ugonjwa au msiba. Wengine walinuna. Mjomba alisema nimeanza kuringa. Aliendelea kununa kama mwezi hivi, halafu akazoea.

Pesa nayo ina ratiba yake. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000, na mwajiri asiyekupa malazi anaongeza 500, asiyekupa chakula anaongeza 300. Soma mkataba wako uone umesema nini juu ya chakula, kwa sababu chakula ndicho kinachokula mshahara kimyakimya. Mimi mwezi wa kwanza nilipata riyali 1,500 zote pamoja, nikatuma nyumbani 1,300 kwa sababu ya mabati. Nikaishi kwa mkate wa khubz na chai ya karak hadi mshahara uliofuata, miguu ikivimba kwa kusimama. Siku hizi pesa ikiingia benki natoa kwanza ya chakula, halafu ya sako, chama changu cha akiba, halafu ndipo natuma. Tena siku ya kutuma nimeichagua mimi, wala haiko karibu na siku ya mshahara. Thamani ya riyali imefungwa na dola, riyali 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi yetu ikiyumba na wewe unayumba nayo. Nilipofika riyali moja ilikuwa kama shilingi 30, baadaye ikapanda ikapita 35. Usiwaahidi watu shilingi kamili, utajifunga.

Tunapika wanne kwa zamu, na kila mmoja anatoa sehemu yake. Unga wa mahindi unapatikana. Mboga ilinisumbua mpaka siku niliyoona Mmisri akinunua majani anayoyaita mulukhiya. Kumbe ni mrenda! Nililipa huku nacheka peke yangu, muuzaji akanishangaa.

Kuhusu joto mtaambiwa mengi, nami naongeza moja tu la bafuni. Kiangazi tangi la maji liko juani juu ya paa, kwa hiyo bomba la maji baridi linatoa maji ya kuchomea kuku. Zima hita ya maji kuanzia Mei. Maji yanayokaa ndani ya hita, chini ya kivuli cha nyumba, yanapoa, na bomba la maji ya moto ndilo linakuwa la baridi. Na kama kazi yako ni ya nje, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 sheria inakataza kufanya kazi juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Msimamizi anaweza kujifanya hajui, wewe jua.

Pasipoti ni yako na sheria inasema hivyo. Ipige picha pamoja na mkataba na kitambulisho, umtumie mtu mmoja nyumbani unayemwamini.

Ijumaa ndiyo Jumapili yangu. Nalala hadi saa mbili, naenda ibada Abu Hamour, kwenye ule uwanja wenye makanisa mengi, kisha napanda metro kwa riyali 2 hadi Souq Waqif kuzurura tu bila kununua kitu. Hapo ndipo napiga simu ndefu. Mama huwa ameshamaliza kupika.

Siku za kazi mama hasemi "habari" tena. Saa mbili kasoro anauliza, "Basi limefika?" Nikijibu ndiyo, anasema, "Haya, kapike," anakata.