EF 62 na vali imebana: yote mawili yanaweza kuwa kweli

Dadangu, umeuliza ripoti ya eko (kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mamako huko Kakamega inawezaje kusema EF ni 62, yaani moyo unasukuma damu vizuri, halafu chini iandikwe vali ya mitrali imebana sana. Umeogopa wamechanganya karatasi. Sidhani. Mimi nina tatizo hilohilo, niko Kisumu, na kliniki ya moyo nimeizoea tangu nikiwa shuleni, baada ya homa ya baridi yabisi kuniharibu vali.

EF inaeleza kitu kimoja tu: kila pigo, chumba cha chini cha kushoto kinatoa asilimia ngapi ya damu iliyomo. Vali ya mitrali, mlango wa damu kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, iko kabla ya chumba hicho. Ikibana, damu inakwama nyuma, kwenye chumba cha juu, na presha inarudi mpaka mapafuni. Chumba cha chini kinasukuma vizuri kile kidogo kilichokifikia. Ndiyo maana mtu ana EF safi kabisa na bado anahema akipanda mlima kidogo, au hawezi kulala bila kuinuliwa na mito.

Mimi nikishika ripoti, jicho linaenda kwanza kwenye ukubwa wa tundu la vali. La mtu mzima mwenye afya ni sentimita mraba 4 hadi 6. Likifika 1.5 kushuka chini, hiyo ni kubana sana. Namna linavyopimwa ni hivi: unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli baridi, mpimaji anakandamiza kifaa kifuani, anaigandisha picha, halafu anachora mstari kufuata ukingo wa tundu likiwa wazi. Madaktari wenyewe husema linafanana na mdomo wa samaki. Mstari ukisogea kidogo tu, namba inabadilika. Kwa hiyo 1.3 mwaka huu na 1.4 mwaka ujao nisingeita nafuu, na kinyume chake nisingelia.

Tofauti ya presha kati ya vyumba hivyo viwili vya kushoto nayo ina siri yake: moyo ukienda mbio, inapanda. Mtu aliyepimwa baada ya kukimbizana na matatu na foleni atapata namba mbaya kuliko aliyekaa akatulia. Angalia kama mapigo ya moyo yameandikwa kando yake.

Halafu soma ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto na presha ya mapafu. Chumba kikitanuka, mapigo huweza kuvurugika na damu kuganda humo, na hapo ndipo kiharusi hutokea. Muulize daktari waziwazi kama mama anahitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Akilegea upande mmoja ghafla au mdomo ukipinda, ni hospitali saa hiyohiyo, usingoje siku ya kliniki.

Wenye vali inayovuja nao wasome EF kwa tahadhari. Damu inayorudi nyuma huhesabiwa kama imesukumwa, kwa hiyo moyo huonekana una nguvu kuliko ulivyo. Mitrali ikivuja sana, EF ikishuka chini ya 60 madaktari huanza kuzungumzia upasuaji, ingawa kwa mtu mwingine 58 ni kawaida. Lakini kama mamako ameandikiwa kuvuja kidogo sana kwenye vali ya trikuspidi, ile ya upande wa kulia wa moyo, hilo huonekana hata kwa watu wazima wa afya.

Tunza ripoti zote pamoja, uende nazo. Kama watataja kufungua vali kwa puto, uliza mambo matatu: vali imekakamaa kiasi gani, inavuja kiasi gani, na kama watamfanyia eko ya kupitia kooni kuhakikisha hakuna damu iliyoganda. Majibu hayo ndiyo huamua kama puto linafaa au ni upasuaji. Na kama yuko kwenye sindano za penisilini za kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, asiziache kwa kuwa EF ni nzuri.