Barua za Wasomaji: Mswada wa Kisiwani

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa waandishi chipukizi wa visiwani, kuanzia Lamu hadi Jambiani. Tumechagua tano na kuzifupisha, na jibu letu liko chini ya kila moja. Majina tumeyaficha, kwa sababu ambazo barua ya tatu itazieleza.

Wahusika wa riwaya yangu ni watu wa Amu na wanasema Kiamu. Mhariri kanirudishia mswada, ati niweke Kiswahili sanifu kote. Nikifanya hivyo nawaona wamekuwa watu wengine. Nifanyeje?
*M., Lamu*

Msimulizi wako abaki na sanifu, wahusika wabaki na Kiamu chao. Mhariri anamhofia msomaji wa Kitale au Mwanza, lakini msomaji huyo kasoma tenzi shuleni, na tenzi zimejaa *moya*, *ndia*, *mayi* na *muyi*. Hapotei hapo. Anapotea akikutana na neno ambalo tayari analo kwa maana nyingine. *Ndoo* kwako ni njoo, kwake ni chombo cha kutekea maji. *Iwe* kwako ni jiwe, kwake ni kitenzi. *Iko* ni jiko, naye ataendelea kusoma akisubiri kuambiwa iko wapi.

Tuseme mama yuko mekoni anamwita binti yake. Ukiandika "Ndoo!" na kuishia hapo, msomaji wa bara ataitafuta ndoo. Andika "Ndoo, mwanangu, ndoo hapa," kisha binti aache alichokishika asogee. Kitendo kimelifasiri neno, na mabano hayahitajiki.

Kwa hiyo fungua daftari, piga safu tatu: neno la Kiamu, sanifu yake, ukurasa lilipotokea mara ya kwanza. Halafu yatenge. Yanayosikika kama ndugu wa sanifu (*nti* na nchi, *ndaa* na njaa, *yua* na jua) yaache yajipitie. Yanayogongana yasizidi mawili kwa ukurasa, na kila moja lipewe kitendo au jibu la kulishika mkono. Sherehe ya mwishoni, yaani orodha ya maneno na maana zake, maneno 30 au 40 yanatosha. Ikizidi hapo watu hawaifungui.

Kinachoharibu miswada mingi ni kuchanganya. Bibi yule yule anasema *mayi* ukurasa wa 12 na "maji" ukurasa wa 40, kwa sababu tu mwandishi alichoka. Tafuta neno "maji" kwenye kompyuta, pita moja moja. Lakini kama bibi kasema "maji" kwa kuwa anazungumza na hakimu aliyetoka bara, hapo usiguse. Umeandika jambo kubwa kwa herufi moja.

Wenzetu wa Unguja na Pemba wana *n'*, yaani *ni* iliyokatwa (*n'na* ni nina). Shafi Adam Shafi alitoa *Vuta N'kuvute* mwaka 1999, na diwani ya Mohammed Khelef Ghassani iliyopata Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015 inaitwa *N'na Kwetu*. Matamshi ya kisiwani yamekaa juu ya jalada, na vitabu vimesomwa. Mwonyeshe mhariri wako. Ila angalieni kistari hicho cha juu: sura iliyoandikwa kwenye simu huwa na kilichonyooka, iliyoandikwa kwenye kompyuta huwa na kilichopinda, na ukitafuta *n'na* programu nyingine zitakupa nusu tu ya yaliyomo. Badilisheni vyote viwe vya namna moja kabla ya kuanza kuhariri.

Katika sura yangu ya mwisho mvuvi anarudi usiku wa mwezi mpevu, saa nne, dau lake linafika hadi mchangani na nyumba zote zinaonekana kwa mbalamwezi. Nilimsomea babu, akacheka. Hakunambia kwa nini.
*S., Jambiani*

Kacheka kwa haki. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama pia, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa sana na hupwa sana. Unguja siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne ya usiku wako, kutoka ufukweni hadi kwenye mwamba kumebaki vidimbwi na mchanga wa maji. Dau lingekwama nje huko, na mvuvi ama asubiri, ama ashuke aje kwa miguu na samaki begani.

Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Zidisha kwa siku 7, unapata karibu saa sita. Kwa hiyo mwezi mwandamo ukiwa wa tarehe 7 au 8, na tena tarehe 21 au 22, saa zinapinduka: saa nne ndiyo ya kujaa. Hapo ni maji mafu, hayajai sana, dau litasimama kidogo mbali na mchanga.

Una njia mbili. Ukitaka mwezi mpevu, mlete saa kumi alfajiri. Ukitaka saa nne usiku, usichague tarehe 22, maana usiku huo mwezi hauchomozi mpaka karibu na usiku wa manane na mbalamwezi yako imekwenda. Chukua tarehe 7. Mwezi nusu bado uko juu, umeinamia magharibi, na kwa mtu anayeingia kutoka bahari ya mashariki magharibi ndiko kuliko kijiji. Maana yake mwanga uko nyuma ya nyumba. Mvuvi haoni milango wala kuta; anaona mapaa meusi na vichwa vya minazi. Kwa maoni yetu sura hiyo ni nzuri kuliko uliyoanza nayo.

Kagua na sura nyingine. Kina mama wa mwani huingia shambani maji ya bamvua yakipwa, kwa hiyo ukimweka mama majini saa nne asubuhi ya tarehe 7 utachekwa tena. Upepo nao: kaskazi ni Disemba hadi Machi, kusi ni ya katikati ya mwaka, na jahazi la tanga linalotoka Lamu kuja Unguja mwezi wa Julai linapigana na upepo njia nzima. Andika kalenda ya riwaya kwenye karatasi moja: sura, tarehe ya mwezi mwandamo, maji, upepo. Ni kazi ya jioni moja. Kisha mrudie babu.

Mji wetu ni mdogo, Pemba. Nimebadilisha majina yote, lakini shangazi kasoma kurasa kumi akamtaja kila mtu.
*Msomaji, Wete*

Jina ndilo linalotambulisha mtu kidogo kuliko yote. Mjini kwenu mtu hujulikana kwa jina la utani, kwa chombo chake, kwa nyumba yake ilivyokaa na msikiti, na kwa ugomvi wake. Ukimwita Bwana Fulani lakini mashua ikabaki na jina lake ubavuni, hujaficha kitu. Katika hayo manne badilisha matatu, na lile la nne lishikwe na mtu wa umri mwingine. Waunganishe wawili wawe mmoja; wahusika wengi wanapata uhai hapo hapo.

Usijifiche kwa kuhamisha kijiji kizima bila kufikiri. Ugomvi wa shamba la mikarafuu ukiupeleka Makunduchi, kusini ya Unguja, hauna pa kusimama, kule ni uwanda wa mawe. Ukihama, badilisha na kinachogombaniwa: iwe dema la kuvulia samaki, iwe minazi, iwe kiwanja cha urithi.

Mjaribu msomaji wa pili, si shangazi, na usimwulize "unamjua huyu?" Mwulize hadithi inahusu nini. Akianza kwa kutaja mtu wa kweli, bado hujamaliza.

Bibi yangu anajua nyimbo na hadithi nyingi za Tumbatu. Nataka kuzitoa kitabu. Naanzia wapi, na jina la juu liwe la nani?
*K., Mkokotoni*

Anza kwa kumwomba ruhusa, na ruhusa hiyo uirekodi kwa sauti yake mwenyewe kabla ya wimbo wa kwanza. Kila rekodi itaje tarehe, mahali, nani kaimba, na yeye kafundishwa na nani. Simu inatosha, ila iweke karibu na mdomo na mbali na feni, na faili lihifadhiwe mahali pawili siku hiyo hiyo. Mwache aimbe mpaka mwisho ndipo uulize maneno. Ukimkatiza katikati, beti hubadilika.

Andika kama alivyosema. Kama neno hulijui, BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) wametoa kamusi la lahaja ya Kitumbatu, na Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyetuachia *Kimbunga* (1994), naye alikusanya maneno ya huko. Usilibadilishe neno kwa sababu halimo kamusini. Liandike, na chini uweke maana aliyokupa bibi.

Jalada liseme "zimesimuliwa na" bibi, "zimekusanywa na" wewe. Mtunzi si wewe. Kuna nyimbo za ngoma na za uganga ambazo wenyewe hawapendi zitoke nje. Akikwambia hii acha, iache. Na kama kitabu kitaingiza pesa, fungu lake mkubaliane mapema, kwa maandishi, mbele ya mtu wa nyumbani.

Nimepata mkataba wa mchapishaji, asilimia 10. Nitie saini, au nichape mwenyewe?
*A., Mjini Unguja*

Asilimia 10 ya nini? Hilo ndilo swali. Kitabu kikiuzwa Sh 10,000 na duka likipewa punguzo la asilimia 30, mchapishaji anapokea Sh 7,000. Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala, wa asilimia 10 ya bei ya jalada ni Sh 1,000. Wa mapokezi ni Sh 700. Yote mawili huandikwa "asilimia 10". Tafuta na kifungu cha kurudishiwa haki kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe tena. Kama hakimo, kiombe. Na usiuze mswada moja kwa moja kwa mkupuo mmoja ikiwa una imani nao.

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Kuusajili mswada COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kunakupa ushahidi siku ya kugombana.

Ukichapa mwenyewe, riwaya ya maneno 50,000 kwa ukubwa wa A5 huja kama kurasa 170. Mashine kubwa hupanga kurasa kwa mafungu ya 16, kwa hiyo lipia 176 na hizo za ziada uziwekee sherehe. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina yake. Nakala 200 kwa kuanzia. Tusingechapa 1,000, maana hewa ya pwani haina huruma na karatasi: masika ikiingia, maboksi yaliyokaa sakafuni na kugusa ukuta yanaota ukungu. Yainue juu ya mbao, acha nafasi ya kiganja ukutani, na mzigo wa kwenda Pemba ufungwe nailoni ndani ya boksi, si nje tu.

Kabla ya yote hayo, kama mswada haujatoka bado, soma masharti ya Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianza kutolewa mwaka 2023, na mshindi wa kwanza wa kila kundi hupata Sh milioni 10. Mkataba wako hauna haraka hiyo; mwombe mchapishaji wiki mbili, na akikataa kukupa wiki mbili umeshajua utafanya kazi na mtu wa namna gani.