Kabla hujaushika mkono wa mgonjwa, muulize anataka kurudi kufanya nini

Mama mmoja muuza chapati aliletwa kwetu baada ya kumwagikiwa na mafuta ya moto mkono wa kulia, upande wa ndani, kuanzia juu kidogo ya kiwiko mpaka kiganjani. Siku ya pili nilipofika kitandani kwake nilimkuta ameukunja ule mkono kifuani kama anayepakata mtoto mchanga. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikavuta kiti. Sikumgusa. Nikamuuliza, "Mama, mkono huu ukipona, cha kwanza unachotaka kuufanyia ni nini?"

Alinitazama kwa muda. Tangu alazwe watu walikuwa wakimuuliza mafuta yalimwagikaje na maumivu yakoje. Kisha akasema, "Kusukuma, mwanangu. Nisukume chapati. Watoto wangu wanasoma kwa chapati."

Nimefanya tiba kwa vitendo hospitalini kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeshughulika na mikono na majeraha ya moto. Mdogo wangu unayeripoti kazini mwezi huu, kama utachukua neno moja tu kwangu, chukua swali hilo. Liulize kabla hujatoa goniomita, kile kipimo cha nyuzi za viungo, mfukoni. Jibu la yule mama lilinipa mpango mzima. Kusukuma chapati kunataka kiwiko kinyooke, kifundo cha mkono kielekee nyuma, kiganja kifunguke, gumba likae mbali na vidole, na bega libebe uzito wa mwili unapokiegemea kibao. Kovu la upande wa ndani wa mkono huvuta kinyume cha karibu yote hayo. Basi nikajua tunapigania nini, naye akajua kwa nini namuumiza.

Hilo la pili ni zito kuliko linavyoonekana. Mgonjwa wa moto anateseka mikononi mwetu. Ukimwambia "nyoosha vidole mara kumi" atanyoosha mara tatu na kulia. Siku nilipomletea kibao na kifimbo cha kusukumia pale wodini, akaviegemea mwenyewe, jasho linamtoka, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Watu watakuita mtu wa mazoezi, wengine watadhani unafanya masaji. Usiudhike, wala usiwape tafsiri ya kitabuni. Taaluma hii ilipata chama chake cha kwanza mwaka 1917, watu wachache walipokutana Clifton Springs, New York, wakiamini kwamba kumshughulisha mtu na jambo lenye maana kwake ni sehemu ya kumponya. Jina la Kiingereza, occupational therapy, huwafanya watu wafikirie ajira. Mimi nalipenda letu la tiba kwa vitendo, kwa sababu vitendo ndivyo tunavyovisaka: kuoga, kula, kufunga kanga, kutawadha, kupalilia, kumsuka mtoto nywele. Ukitaka madaktari na masista waielewe kazi yako, iseme hivyo kwenye raundi: "Wa kitanda namba sita jana amejilisha uji mwenyewe, leo tunajaribu kuvaa shati." Baada ya wiki chache wataanza kukuita wenyewe.

Na waombe wakuite mapema. Kwa majeraha ya moto, siku ya kwanza ndiyo siku yako. Mkao unaompa mgonjwa nafuu ndio huo huo utakaomkakamaza. Aliyeungua shingoni mbele anataka mto. Muondolee mto, maana kidevu kitashikana na kifua. Aliyeungua kwapa anataka kuubana mkono. Utanue pembeni kiasi cha nyuzi 90. Akiungua mgongo wa kiganja, splinti, yaani kifaa kigumu cha kuushikilia mkono katika mkao, ielekeze kifundo nyuma nyuzi 20 hadi 30, vidole vikunjwe kwenye shina lake nyuzi 70 hadi 90 na vinyooke mbele, gumba lifunguliwe. Akiungua ndani ya kiganja, kama yule mama, mambo yanageuka: mkono wote unafunguliwa bapa. Ukichanganya mikao hii miwili utakuwa umemfunga mgonjwa kwenye ulemavu kwa mikono yako mwenyewe. Hapo usibahatishe, rudi kwenye daftari.

Sasa niseme kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo nilimtengenezea kijana mmoja, mtoto bado, splinti nzuri ya kwapa. Nikaifunga, nikaandika kwenye faili, nikaondoka. Mama yake hakuna kitu nilichomweleza zaidi ya "asiivue". Usiku mtoto alilia, mama akaivua, na ni mama gani asingeivua? Mchana akawa anairudisha kabla sijafika. Tulipokuja kugundua, kwapa lilikuwa limeshikana, na yule mtoto alirudishwa chumba cha upasuaji kuachanishwa ngozi. Yule mama aliomba msamaha. Mimi ndiye niliyepaswa kumwomba, na nilimwomba.

Tangu hapo ndugu anayemhudumia mgonjwa namfundisha kabla ya mgonjwa mwenyewe. Namvalisha splinti yeye kwanza mkononi mwake. Namwonyesha alama nyekundu zitakazomwambia kwamba inabana. Namwambia wazi kuwa usiku mtoto atalia, na tunakubaliana atafanya nini akilia: atamwita sista, dawa ya maumivu ipewe mapema, siyo kilio kikishaanza. Mwisho namwomba anieleze yeye, kwa maneno yake, kama vile mimi ndiye mgeni. Dakika ishirini hizo zimeniokolea wagonjwa wengi kuliko ustadi wowote wa kukata plastiki.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Plastiki maalumu ya splinti, ile inayolainika kwenye maji ya moto, ni ghali na huisha bila taarifa. Jifunze hogo vizuri, ile plasta ya kufungia mifupa, linatosha kwa mengi. Bomba la PVC likipashwa joto hukunjika na kushika umbo, lakini lipashe mahali penye hewa na usiliunguze, moshi wake una sumu. Lainisha kingo zote kwa msasa kabla halijagusa ngozi ya mtu.

Mikono iliyokatwa ina ugumu wake. Kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, ikishonwa huonekana imepona kwa nje mapema sana, mshono wa ngozi umekauka, maumivu yamepungua, na hapo ndipo inapokatika tena. Karibu wiki 6 za mwanzo mkono unalindwa na splinti huku vidole vikichezeshwa kwa mpangilio, na kazi nzito ya kukamata vitu husubiri hadi wiki ya 12 hivi. Mwambie hayo dereva wa bodaboda ambaye pikipiki ni ya mkataba na hesabu inadaiwa kila jioni! Ukimwambia tu "usitumie mkono" atakuitikia "sawa daktari" na Jumatatu atakuwa kijiweni akivuta klachi. Zungumzeni pesa. Nani anaweza kuiendesha kwa muda? Mwenye chombo anajua? Wakati mwingine nimeongea na mwenye pikipiki mwenyewe kwa simu, mgonjwa akiridhia, na barua ya hospitali imemlainisha. Tarehe nazo zitaje kwa namna inayoshikika. "Wiki ya kumi na mbili" haina uso. "Utarudi barabarani Idi ikishapita" ina uso.

Wagonjwa wa kiharusi utawapata tu hata ukibobea kwingine. Jambo moja lifundishe kila wodi unayoingia: mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza. Bega lile halina misuli ya kulishika, linachomoka taratibu, na maumivu yake yatamfanya akatae kila kitu kingine. Kisha ijue nyumba yake. Siwezi kufika kwa kila mtu, kwa hiyo nawaomba vijana wa nyumbani wanipigie picha kwa simu: kitanda, kizingiti cha mlango, njia ya kwenda chooni, na choo chenyewe. Nimewahi kumfundisha mzee wiki nzima kukaa na kuinuka kwenye choo cha kukalia cha hospitali, kisha picha zikaja: choo cha shimo, nje, hatua tatu za udongo. Tukaanza upya. Fundi wa mtaani akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, na mzee akaacha kuomba asipewe maji ya kunywa usiku.

Kuna swali jingine nimejizoeza kuuliza kila aliyeungua kwa moto wa jikoni: ulikuwa macho ulipoangukia moto? Wapo wenye kifafa wanaoanguka kwenye mafiga, na familia haisemi kwa aibu au kwa hofu kwamba ni mapepo. Ukimrekebisha mkono ukamrudisha kwenye mafiga yale yale bila dawa ya kifafa, utampokea tena. Mpeleke kliniki inayohusika, na kaeni na familia mpange jiko liinuliwe au lizungushiwe ukingo, na asipike akiwa peke yake.

Wengi mnaniuliza lini mtu abobee. Usikimbilie. Zunguka wodi zote kwanza, watoto, mifupa, afya ya akili, kwa sababu mkono uliokatwa mara nyingine umekatwa na mwenyewe, na utahitaji kujua la kusema. Ukishachagua, omba kuingia chumba cha upasuaji ukaone kano kwa macho. Mimi mazungumzo yangu na daktari wa upasuaji yalibadilika siku nilipoona anashona nini na wapi alipata shida. Pima na uandike kila wiki, tarehe na nyuzi, hata kama hakuna anayesoma. Na siku ya kuwafungua watoto bandeji, usiende nyumbani moja kwa moja na vilio vile kichwani. Kaa kwanza na mwenzako, hata robo saa, mzungumze.

Yule mama aliendelea kuja kliniki zaidi ya mwaka, maana kovu huchukua muda wake kutulia. Kidole cha pete hakikunyooka chote. Siku moja alikuja na chapati nne kwenye hotpoti, amezisukuma mwenyewe. Nilipoupokea mkono wake niupime, niliona lengelenge jipya kiganjani ambalo yeye hakuwa na habari nalo: ngozi aliyopandikizwa haisikii joto sawasawa, na alishika kikaango. Tukaketi tena. Nikamfundisha kupima joto la kila kitu kwa mkono wa kushoto kwanza, na kuzungushia mpini wa kikaango kitambaa chekundu ili jicho limkumbushe.