Taa ya boya kupepesa mbio: badilisha kapasita

Unasema taa ya boya lako la mfano inapepesa mbio mno; huna haja ya kununua seti nyingine ya taa, kaka. Hiyo ya IC 555 (chipu ndogo inayopanga muda wa kuwaka na kuzima) inapunguzika mwendo: ng'oa kapasita (kijisehemu kinachohifadhi umeme) ya maikrofaradi 10, weka ya 47, taa ya boya itapepesa karibu mara tano polepole zaidi, kwani muda hufuata ukubwa wa kapasita. Kwa kapasita ya kopo (elektrolitiki), mstari ulio ubavuni unaonyesha mguu hasi, ukiigeuza itafura. Nilifanya vivyo hivyo kwenye jahazi la mfano hapa Lamu, nikapaka rangi ya kucha juu ya lehemu sababu ya chumvi. (Ya mke wangu, bado namwomba radhi.) Ila rezista (kijisehemu kinachopunguza umeme) ya LED, yaani kitaa chenyewe, usiitoe ati kiwake sana, kwa betri ya volti 9 LED itaungua papo hapo.